Walawi 19 na miaka mitatu ya kutokula matunda: Wayahudi wenyewe wanafanyaje? Nina michungwa 60

Mjukuu wa Muheza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Naomba kueleweshwa na mtu anayejua. Babu alituachia ekari mbili hapa Muheza. Michungwa yake ilishazeeka, mingine imekauka juu yote, nikaing'oa na Aprili 2023 nikapanda miche 60 ya kubebesha. Mwaka huu imeanza kuzaa. Si mingi: mti huu machungwa manne, ule kumi, mingine bado kabisa. Lakini nilivyoyaona yale ya kwanza yamegeuka rangi nilikaa chini palepale shambani. Mama akachuma sita mazuri, akampelekea mchungaji wetu kama malimbuko.

Mchungaji hakuyapokea. Alimshukuru vizuri sana, akamfungulia Mambo ya Walawi 19, mstari wa 23 mpaka 25. Ukipanda mti wa chakula, miaka mitatu matunda yake ni kama hayajatahiriwa, hayaliwi. Mwaka wa nne yote ni matakatifu kwa Bwana. Mwaka wa tano ndipo mnakula. Mama amerudi na machungwa yake kikapuni, hajui ayale au ayatupe. Yako juu ya kabati siku ya nne leo.

Sasa mimi nataka kujua kwa wenye sheria yao. Wayahudi bado wanaishika hii? Miaka wanaihesabuje, tangu mbegu au tangu mche? Nilisikia redioni wana mwaka mpya wa miti, je, ni jambo hilihili? Halafu katikati ya shamba pana mwembe dodo wa babu, mkubwa mno, umeifunika michungwa kumi na mitatu na hiyo ndiyo iliyodumaa. Nataka kuukata. Mama anasema Biblia imekataza kukata mti wa matunda. Ni kweli, au ni huruma yake tu kwa mti wa baba yake?

Kipepeo Tanga

Ndugu, kula machungwa yako. Soma Matendo 15: mitume waliwaandikia watu wa mataifa mambo machache, na miti haimo. Ila kama mtu wa kilimo nakwambia, yale matunda ya miaka miwili ya kwanza sisi huwa tunashauri yatolewe yakiwa madogo ili mti ujenge shina na matawi. Mti mchanga ukiachiwa mzigo, unadumaa au tawi linapasuka. Kwa hiyo mchungaji na bwana shamba hapa hawagombani.

Mpanda Mitende

Mjukuu, mwambie mama asiyatupe kwanza, soma mpaka mwisho.

Mimi nilikaa miezi kumi na mmoja jangwa la Araba, kusini mwa Israeli, kwenye mafunzo ya kilimo ya vitendo. Kazi yetu ilikuwa tende. Februari na Machi tunachavusha, Aprili tunapunguza tende kwenye kila kole ili zilizobaki zinenepe, kisha tunazivika mifuko ya neti, na kuanzia Agosti tunavuna juu ya mashine ya kunyanyua watu, jua likiwa limepita nyuzi 40. Kilimo nilijifunza, ila hili la miaka mitatu nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, na sijalisahau.

Mzee tuliyemfanyia kazi alikuwa na mikomamanga minane michanga nyuma ya nyumba yake. Kila mmoja umefungwa utepe mwekundu shinani. Nilidhani ni alama ya miti iliyopigwa dawa. Siku moja mwezi wa Septemba nikapita nikaona komamanga limepasuka, limeiva, litaanguka lile. Nikalichuma, nikabisha hodi, nikamwambia mzee, nimekuokolea tunda, tugawane. Akarudi nyuma hatua moja kama nimemletea kaa la moto. Halafu akacheka kidogo, akaniketisha kwenye ngazi, akaanza kunieleza.

Jambo hilo linaitwa orla kwa Kiebrania, neno lilelile la govi, ndiyo maana Biblia yetu inasema kutotahiriwa. Miaka mitatu tangu kupandwa, tunda haliliwi. Wala haliuzwi, halilishwi mifugo, halitiwi kwenye taa. Myahudi hatakiwi kupata faida yoyote kwalo. Nikamwuliza, basi mimi si Myahudi, nile mwenyewe? Akaniambia, wewe sheria hii haikufungi, lakini mimi siwezi kukupa. Nikikupa utanishukuru, utanipenda zaidi, utafanya kazi kwa moyo zaidi, na hiyo tayari ni faida yangu kutoka kwenye tunda ambalo si langu bado. Akalichukua kwa kitambaa, akalifukia. Kisha akaingia ndani akaniletea komamanga la dukani, kubwa kuliko lile.

Ndugu yangu, nilikuwa nimesoma Walawi tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisoma mpaka kwenye shukrani.

Ule utepe nao si jambo la juzi. Mishna, mkusanyo wa sheria zao ulioandikwa yapata mwaka 200, inaagiza miti ya orla itiwe alama ya udongo wa mfinyanzi, shamba la zabibu la mwaka wa nne litiwe alama ya madongoa, na makaburi chokaa. Sababu ni mpita njia asije akachuma bila kujua akakosa. Yaani mwenye shamba anabeba wajibu hata wa mgeni mwenye njaa.

Sasa hesabu yako. Miaka inahesabiwa tangu mche ulipotiwa kwenye ardhi yako, si tangu kitaluni, na ukiuhamisha ukatoka na mizizi mitupu bila donge la udongo, unaanza upya. Mwaka wao mpya unaingia Septemba au mapema Oktoba. Mti uliopandwa siku 44 au zaidi kabla ya siku hiyo umeshahesabiwa mwaka mmoja mwaka mpya ukiingia: siku 30 zinatosha kuonekana kama mwaka, na wiki mbili za mche kushika mizizi. Wewe umepanda Aprili 2023, kwa hiyo mwaka wako wa kwanza ulikwisha Septemba ileile. Wa pili ulikwisha mwanzoni mwa Oktoba 2024. Wa tatu unakwisha jioni ya tarehe 22 Septemba 2025. Lakini bado. Kwa mti uliofupishiwa mwaka wa kwanza namna hiyo, tunda linaloanza kufanyika kabla ya tarehe 15 ya mwezi wao wa Shvat bado ni orla, hata likija kuiva Juni. Tarehe hiyo kwa msimu wako ni 2 Februari 2026.

Na hapo ndipo unapoingia huo mwaka mpya wa miti uliousikia redioni. Unaitwa Tu Bishvat. Herufi zao ni tarakimu pia, na 15 wanaiandika tisa na sita, ikisomeka "tu", kwa sababu wakiandika herufi ya kumi pamoja na herufi ya tano, zinakuwa herufi za Jina la Mungu. Watu wengi huku wanadhani ni sherehe ya kuabudu miti. Sivyo kabisa. Mwanzo wake ni hesabu ya zaka. Kama serikali yetu ilivyo na mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, wao walihitaji siku ya kutenganisha matunda ya mwaka jana na ya mwaka huu, maana huwezi kutoa zaka ya mwaka huu kwa matunda ya jana. Mishna inataja miaka mipya minne, na huu wa miti wanazuoni walibishana: nyumba ya Shamai, yaani wanafunzi wake, wakasema tarehe 1 Shvat, nyumba ya Hileli wakasema 15, na wakashinda hao wa pili. Sababu iliyotolewa ni kwamba kufikia siku hiyo mvua nyingi za mwaka zimeshanyesha, maji yameingia ardhini, na kinachochipua kuanzia hapo ni cha mwaka mpya. Mlozi ndio unaotangulia kuchanua, mweupe, wakati milima mingine bado ina baridi. Nilipokuwa huko watoto wa shule walikuja na koleo kupanda miche, na jioni mzee aliweka mezani tini kavu, tende, zeituni, zabibu kavu na maganda ya kharubu. Kharubu ni tamu kama kipande cha sukari guru, ina kokwa ngumu.

Mwaka wa nne zamani matunda yalipelekwa Yerusalemu yakaliwe huko. Siku hizi wanayakomboa kwa sarafu ndogo, kisha wanakula.

Mama yako hakufanya kosa lolote. Wayahudi wenyewe wanafundisha kwamba watu wa mataifa wana amri saba za wana wa Nuhu, na orla haimo. Yuko huru kuyala. Ila akiamua kusubiri, ajue anachosubiri.

Mama Pangani

Wanangu, nimesoma na machozi yamenilenga. Mpanda Mitende, Mungu akuzidishie.

Sisi Waislamu tuna hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Anas bin Malik, kwamba Kiyama kikimkuta mmoja wenu na mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, basi aupande. Baba yangu aliisema kila masika. Na mimi nilipozaliwa alizika kitovu changu akapanda mnazi juu yake, kama walivyofanya watu wa pwani wengi. Mnazi ule ulikuwa na jina langu. Dada zangu walikuwa wananitania, wakitaka madafu wanauliza, "Tukuangue?"

Nauliza mawili. Je, Wayahudi wana jambo kama hilo la mtoto na mti? Na ni kweli wameotesha mtende wa zama za manabii kutoka mbegu ya kale? Nilisimuliwa nikaona ni chumvi.

Mpanda Mitende

Shikamoo mama. Yote mawili ndiyo.

Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya wanazuoni wao, inasimulia mji wa Betari. Akizaliwa mtoto wa kiume walipanda mwerezi, akizaliwa wa kike walipanda mberoshi. Wakija kuoana, wanakata miti yao wanatengeneza kibanda cha harusi. Inasimuliwa kwa huzuni, kwa sababu vita na Warumi iliyoangamiza Betari inasemwa ilianza kwa ajili ya miti hiyo: binti wa Kaisari alikuwa anapita, mhimili wa gari lake ukavunjika, watu wake wakakata mwerezi wa mtu, wenyeji wakawavamia. Mtu asiyejua mti ule ni wa nani angesema wamepigania gogo.

Na hadithi yenu, mama, ina ndugu yake. Rabi Yohanan ben Zakai, aliyeishi siku ambazo Hekalu lilichomwa mwaka 70, anatajwa kusema kwamba ukiwa na mche mkononi wakakuambia Masihi huyo amefika, panda kwanza, ndipo utoke kumlaki. Nilipomsimulia mzee kwamba Waislamu wa kwetu nao wanasema hivyo kuhusu Kiyama, alinyamaza muda mrefu, akaniambia nirudie tena polepole.

Mtende wa kale si chumvi. Nimeuona kwa macho. Uko Ketura, kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, hukohuko Araba, ndani ya uzio. Mbegu zilichimbuliwa Masada, ngome ya Herode juu ya Bahari ya Chumvi, katika miaka ya 1960, zikakaa kwenye droo ya wataalamu miaka na miaka. Daktari Sarah Sallon wa Yerusalemu akaziomba, na Elaine Solowey akazipanda Ketura Januari 2005. Moja ikaota. Vipimo vilionyesha mbegu ina karibu miaka 2,000. Wakaupa jina Methuselah, yule wa Mwanzo aliyeishi miaka 969. Ulipokua ukaonekana ni dume, kama mpapai dume, unatoa maua bila tunda. Basi wakaotesha mbegu nyingine za kale, wakapata majike, mmoja wakamwita Hannah. Wakamchavusha kwa chavua ya Methuselah, na mwaka 2020 Hannah akazaa tende 111. Ni jina la Hana wa Biblia, kama mnavyokumbuka, yule mama aliyelia hekaluni kwa kukosa mtoto.

Mtende wenyewe una heshima kubwa kwao. Debora aliketi chini ya mtende akiwaamua Waisraeli. Ile asali katika "nchi ya maziwa na asali" wanazuoni wao wanaielewa kuwa ni asali ya tende. Kwenye sikukuu ya vibanda wanashika kuti changa la mtende ambalo bado halijafunguka, pamoja na mihadasi, matawi ya mierebi na etrogi, ndugu wa limau mwenye ganda nene. Mjukuu, hili litakuhusu wewe mtu wa kubebesha: etrogi iliyobebeshwa juu ya shina la limau haifai kwa ibada hiyo. Mnunuzi anaigeuza mkononi, anaangalia kikonyo, anaangalia mabaka, nusu saa nzima kwa tunda moja.

Na tukiwa kwenye majina: sanduku la agano lilikuwa la mti wa mshita. Nimelisoma neno hilo miaka yote nikidhani ni mti wa peponi. Ni Kiebrania, shita. Mti wenyewe ni jamii ya mgunga. Huko Araba imesimama bondeni vilevile kama ya Dodoma, miiba ileile, mbuzi chini yake.

Mjukuu wa Muheza

Sina la kusema, asanteni sana. Nimemsomea mama yote mpaka komamanga. Akasema, "Huyo mzee ana adabu."

Bado mwembe. Nimesoma Kumbukumbu la Torati 20 mwenyewe, naona ni habari ya vita tu, kuzingira mji. Mimi sina vita na mtu.

Mpanda Mitende

Uko sawa, mstari wenyewe ni wa vita. Ukizingira mji siku nyingi usiitupie shoka miti yake ya matunda, mti usiozaa unaweza kuukata ujenge boma. Lakini wanazuoni wao walisema, kama hata kwenye vita, mtu akiwa na hasira na haraka, amekatazwa, je, mtu aliyetulia shambani kwake? Hivyo wakalipanua likawa katazo la kuharibu kitu chochote chenye manufaa bure bure: kurarua nguo, kuvunja chombo, kuziba chemchemi, kumwaga chakula.

Kuna maneno ndani ya mstari huo yaliyowashughulisha kuliko yote, kuhusu mtu na mti wa kondeni. Rashi, mfafanuzi wao wa Maandiko wa Troyes huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, aliyasoma kama swali: je, mti ni mtu, hata umzingire kama adui? Hauwezi kukimbia wala haukukosea. Ibn Ezra, mfafanuzi mwingine, wa Hispania, akayasoma kama kauli: uhai wa mtu ni mti wa kondeni, ukiukata umejikata. Mimi nakubaliana na Rashi kwa sarufi, na Ibn Ezra kwa tumbo.

Kuhusu kukata kwa haki, wameruhusu. Maimonides, mwanazuoni wao mkubwa wa sheria wa karne ya 12, ameandika wazi kwamba mti wa matunda unakatwa ikiwa unadhuru miti mingine, au unadhuru shamba la mwenzako, au mbao zake zina thamani kubwa. Kilichokatazwa ni kukata kwa kuharibu. Na kesi yako ipo kwenye Talmudi karibu kama ulivyoieleza! Rav Hisda, mwanazuoni wa Babeli, aliona mitende imesimama katikati ya mizabibu yake. Akamwambia mtunza shamba aing'oe, akasema mizabibu inaweza kununua mitende, mitende haiwezi kununua mizabibu. Samweli naye, mwanazuoni mwingine wa Babeli, si yule nabii, aliletewa tende akaonja ndani yake ladha ya divai. Akauliza, zimetoka wapi? Kati ya mizabibu. Akasema, zinainyonya kiasi hicho? Kesho niletee mizizi yake.

Lakini mjadala uleule unasema mtende ukizaa hata kav moja, lita moja hadi mbili hivi, usikatwe. Na Rabi Hanina anasema hapohapo kwamba mwanawe Shivhat alikufa kwa sababu tu alikata mti wa tini kabla ya wakati wake. Kwa hiyo sheria inaruhusu, na bado Wayahudi wengi washika dini wanaogopa. Mzee wangu alikuwa na mzeituni uliokuwa unasukuma ukuta wa ghala. Hakuukata. Alileta watu na mashine, wakauhamisha na donge lake la udongo mita ishirini, gharama ikawa kubwa kuliko ukuta.

Mwembe wa babu hauhamishiki, najua. Ila kupogoa si kukata mti. Kabla ya shoka, angalia ni matawi gani yanaifunika ile kumi na mitatu.

Kipepeo Tanga

Nakuunga mkono. Mjukuu, mwembe mkubwa unaweza kuupunguza kimo na kuufungua katikati, ukishamaliza kuvuna, kabla haujatoa maua. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Anza upande wa mashariki, michungwa ipate jua la asubuhi. Msumeno, si panga, na kata kwa chini kwanza ili gome lisichanike. Subiri misimu miwili uone kama iliyodumaa inaamka. Isipoamka, hapo ndipo tuzungumze tena.

Mjukuu wa Muheza

Nimepima leo na kamba. Matawi yanayofunika ni matatu tu, yote ya mashariki, moja ndilo tuliloning'iniza bembea tukiwa wadogo. Mtu wa msumeno anakuja Jumamosi. Mama amekubali yale mawili, la bembea amesema libaki mpaka mwaka ujao.

Machungwa sita tumeyafukia asubuhi chini ya mwembe. Sikumshauri, alichukua jembe mwenyewe. Kisha akachana kanga yake kuukuu nyekundu vipande vipande na sasa hivi nimemwacha shambani anafunga miti, amefika wa arobaini na mbili. Kaka Mpanda Mitende, anauliza kama afunge chini shinani au juu kwenye tawi, ng'ombe wa jirani wasije wakavila.

Mpanda Mitende

Juu, usawa wa macho ya mpita njia. Na asikaze, tawi linanenepa.